Ng'ambo ya Maji ya Chai

Lemburis alisimama nje ya geti la Mzee Ephraimu Swai huko Lemara, mvua ikimshukia mabegani, akijiuliza abishe au arudi alikotoka. Mara ya mwisho alifika hapo na wazee wake kutoka Ngaramtoni, wamevaa makoti yao ya kanisani, kumposa Aika. Walikaribishwa vizuri, wakanywa soda, wakaulizwa habari za mifugo, kisha wakaambiwa kwa upole kwamba binti bado ana mambo yake. Wazee waliinuka, wakashukuru, wakaondoka. Tangu siku hiyo Lemburis hakukanyaga tena hapo.

Lakini asubuhi hii hakuwa na nafasi ya kuona haya. Jana yake redio ilitangaza kwamba boti ya watafiti imepinduka Pangani, pale mto unapoingia baharini. Majina hayakutajwa. Simu za huko zilikuwa zimekatika tangu mvua za El Nino zianze kuangusha nguzo na kula barabara. Na Aika alikuwa huko.

Akabisha.

Geti lilifunguliwa na mzee mwenyewe. Alikuwa amevaa koti la mvua, funguo za gari mkononi, macho mekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unafuata nini hapa?"

"Nimekuja kuuliza habari za Aika."

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyempeleka?"

Ni kweli Lemburis, mwalimu wa shule, ndiye aliyeliona tangazo gazetini, kwamba serikali inatoa ruzuku kwa watafiti wa milango ya mito na kwa elimu ya mazingira mashuleni. Ndiye aliyelikata kwa wembe, akampelekea Aika na kumwambia, "Hii ni yako. Usipoomba wewe, ataomba nani?" Aika alicheka, akasema serikali haiwezi kumpa ruzuku binti wa muuza vipuri. Ikampa. Akaenda, akarudi, akapewa nyongeza ili aone mvua kubwa zinaufanyia nini mto. Hapo ndipo walipokosana. Posa ilikuwa imekataliwa majuzi tu, na Lemburis, kwa uchungu uliomjaa, alimwambia pale stendi ya mabasi, "Basi nenda ukaolewe na mto wako." Aika alipanda basi bila kugeuka. Hakuandika tena.

Mlango wa nyumba ulifunguka na Mama Aika akatoka na kikapu. Aliwatazama wote wawili.

"Baba Aika, unakwenda na nani?"

"Peke yangu. Dereva yuko Moshi."

"Na macho yako hayo kwenye mvua hii?" Akamgeukia Lemburis. "Mwanangu, unajua kuendesha?"

"Najua, mama."

"Basi ondokeni. Ndizi za kuchoma zimo humu, na chai. Msirudi bila mwanangu."

Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Akamrushia Lemburis funguo.

Pikapu ya Pijo ilishuka taratibu hadi barabara kuu, ikaelekea mashariki. Walipita Tengeru. Walipofika Usa River, kwenye mashamba ya maua, mvua ilipungua kidogo, na upande wa kushoto Mlima Meru ukaonekana kati ya mawingu, umekatwa katikati. Mzee alikohoa. Alikuwa na pumu, na hali ya hewa ya siku hizo ilikuwa imeiminya sauti yake hadi ikabaki kama ya mtu anayenong'ona.

"Niambie kitu kimoja, mwalimu. Mwanangu anatafuta nini pale mto unapoishia?"

Lemburis alimtazama kwa pembe ya jicho kuona kama anamchokoza. Hakuwa anamchokoza.

"Anatafuta chumvi, mzee."

"Chumvi!"

"Maji ya bahari yanapanda mtoni. Zamani mto ulikuwa na nguvu, ulikuwa unayasukuma yarudi. Sasa maji ya huku juu yamepungua, kila mtu anachota, basi bahari inaingia ndani. Visima vya watu vinakuwa na chumvi, minazi inakauka. Aika anapima chumvi imefika wapi. Halafu anazunguka kwenye shule za kule na za huku, anawaambia watoto kuwa ule ni mto mmoja. Hata Themi, pale nyuma ya nyumba yako, inaishia kule."

"Themi?"

"Themi, mzee. Maji unayomwagilia mboga za mama."

Mzee Ephraimu akatazama nje. "Mimi nilitaka awe daktari," akasema baadaye. "Nilikwisha kuwaambia watu Machame kwamba nina daktari. Halafu unakuja wewe na kipande cha gazeti." Akapangusa kioo kwa kiganja. "Unadhani nilikukataa kwa sababu wewe ni Mwarusha na mimi Mchaga?"

"Wazee wangu walirudi nyumbani wakiamini hivyo."

"Mke wangu pia anaamini hivyo, na amenisema sana. Sivyo. Nilikukataa kwa sababu alikusikiliza wewe kuliko mimi. Miaka yote ile ananisikiliza mimi. Siku moja tu, anakusikiliza wewe."

Lemburis alishika usukani kwa nguvu. Alikuwa amejiandalia majibu mengi kwa ajili ya mzee huyu, majibu makali, ya kikabila na ya kidini na ya elimu. Aliyaacha yote.

"Hanisikilizi tena, mzee," akasema. "Tuliachana vibaya."

"Vibaya namna gani?"

"Nilimwambia akaolewe na mto."

Mzee alimgeukia, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu waondoke Lemara. Akafungua kikapu, akakata ndizi, akampa nusu.

Walipofika Maji ya Chai walikuta foleni ya magari imesimama. Lemburis aliegesha kando, wakashuka, wakatembea hadi mbele, mzee akiwa na mwavuli wake mkubwa mweusi. Mto ulikuwa umepanda juu ya daraja. Maji ya kahawia yaliyotoka mlimani yalipita juu ya lami yakivuta migomba, magogo na mlango wa banda la mtu. Askari wa barabarani alikuwa amefunga njia kwa kamba. Ng'ambo nako mabasi yaliyotoka Moshi na Tanga yalikuwa yamepanga mstari, abiria wamejaa barabarani, na kina mama wa sokoni wakiwauzia mahindi ya kuchoma.

"Ni mpaka yapungue," askari alisema. "Labda alasiri. Labda kesho."

"Kesho!" Mzee Ephraimu alishika kifua. "Mwanangu yuko Pangani. Hatujui kama ni mzima."

"Pole, mzee. Mto hausikii."

Lemburis alisimama kwenye ukingo wa lami akitazama maji. Alijaribu kusali akashindwa kupata maneno. Akainua macho ili asiyaone maji, akatazama umati wa ng'ambo, na hapo akamwona mwanamke amevaa buti za mpira na kanga ya bluu kichwani, amekalia kreti la soda, kifuani amekumbatia boksi. Alikuwa ameinamisha uso. Lemburis alijiambia kuwa wanawake wenye buti ni wengi. Kisha yule mwanamke akaondoa kanga, akaikamua maji, akaizungusha tena kichwani kwa mkono mmoja, kwa namna ambayo Lemburis aliijua tangu wakiwa chuoni.

Alimvuta mzee mkono.

"Mzee," akasema. "Mzee, tazama pale. Kwenye kreti."

"Wapi? Sioni. Miwani imejaa maji. Wapi?"

"Ni yeye. Ni Aika."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwenye shati lililolowa, akaivaa, haikusaidia. Akajaribu kuita. Sauti haikuvuka hata kamba ya askari. Akamshika Lemburis mkono, akaubana.

"Mwite. Mwite wewe!"

Lemburis alikulia akichunga kwenye miteremko ya magharibi ya Meru, ambako mtoto hujifunza kumwita mwenziwe aliye upande wa pili wa korongo. Akaweka viganja mdomoni.

"Aikaaaa!"

Watu wa pande zote mbili waligeuka. Aika aliinua uso. Alitazama huku na huko, kisha akasimama, na boksi likamponyoka, mtu aliyekuwa karibu akalidaka.

Mzee akanong'ona kwa Kichaga, "Aika, Ruwa," na Lemburis hakujua kama alikuwa akimwita binti yake au akimshukuru Mungu, maana kwa lugha ile neno la kushukuru na jina lake ni hilo hilo moja.

Aika alikuwa akisema kitu. Midomo ilionekana, sauti haikufika. Alijaribu tena, akapunga mikono, akakata tamaa. Kisha kondakta wa basi lililokuwa nyuma yake, jamaa mwenye kofia ya sufu na koo lililozoea kuita abiria, akamsogelea. Waliongea. Kondakta akapanda juu ya bampa.

"Wee mrefu!" akapaza sauti. "Dada anasema yeye ni mzima!"

Watu wa upande wa Arusha wakapiga makofi.

"Muulize boti!" Mzee alimwambia Lemburis, akimvuta shati.

"Boti! Tumesikia boti imepinduka!"

Aika akamweleza kondakta, kondakta akautangazia ulimwengu. "Anasema imepinduka kweli! Yeye hakuwemo, alikuwa shuleni anafundisha watoto! Wenzake walishika mikoko, wameokolewa wote! Hakuna aliyekufa!"

Mzee Ephraimu alikaa chini pale pale, juu ya jiwe la kilomita, mwavuli umeanguka pembeni. Lemburis aliuokota, akaufungua juu ya vichwa vyao wote wawili, na hakujua kwamba alikuwa akilia hadi mama mmoja mwenye kapu la mahindi alipomwambia, "Lia tu, baba, si vibaya."

"Mwambie," mzee alisema alipopata pumzi, "mwambie mama yake hajala tangu jana."

"Mama hajala tangu jana!"

"Mwambie asithubutu kuvuka mpaka maji yashuke."

"Usivuke! Baba anasema ungoje!"

"Mwambie..." Mzee alisita. Akatazama viatu vyake vilivyojaa tope. "Mwambie baba yake amemsamehe."

Lemburis hakuinua viganja. Ng'ambo watu walikuwa wakingoja.

"Mzee, hilo sitalisema."

"Kwa nini?"

"Nikisema amesamehewa, watu wote hawa watadhani ana kosa. Hana kosa, mzee. Alifanya kazi."

Mzee alimtazama kutoka pale chini, ndevu zinadondosha maji. Lemburis aliona taya likikaza na akafikiri, basi, nimeharibu tena. Lakini mzee akapumua, akanyoosha mkono ainuliwe, Lemburis akamwinua.

"Basi mwambie baba yake amefurahi kumwona."

"Baba amefurahi kukuona!"

Aika alifunika uso kwa kanga. Alipoufunua alikuwa anacheka na kulia, akamnong'oneza kondakta, na kondakta akajishika kiuno.

"Dada anauliza, mmekuja pamoja nyie wawili?"

"Pamoja!"

"Anauliza, mmegombana?"

Lemburis akamtazama mzee. Mzee Ephraimu, mtu ambaye dukani kwake watu walisema hajawahi kuonekana akicheka, akatoa sauti kama ya kukohoa.

"Mwambie bado."

"Anasema bado!"

Kicheko kikapita pande zote mbili. Aika naye akacheka, kisha akatulia. Alimwongelesha kondakta kwa muda mrefu, akionyesha boksi, akionyesha alikotoka. Kondakta alimsikiliza, akavua kofia, akaivaa tena. Aliposema, alisema kwa adabu.

"Dada anasema hivi! Kazi haijaisha! Mvua zikikatika anarudi kule, ruzuku ni mpaka mwisho wa mwaka, na shule zinamngoja! Anasema hajaacha kazi, alikuja kwa sababu alijua mtasikia redio! Anasema kama kuna mtu ana neno, aliseme sasa, asije akalisema stendi!"

Kina mama wa mahindi waliacha kupepea moto. Lemburis alijua kila jicho liko kwake, na kwamba jicho moja tu ndilo lenye maana, na lilikuwa ng'ambo ya maji yale, linamngoja. Maneno yale ya stendi aliyasema kwa sauti ya chini, akimwinamia. Haya angeyasema kwa sauti kubwa.

"Aika! Nilikosea! Rudi kazini kwako! Shule zikifunga nitakuwa huko, nitakubebea maboksi! Na kama unanitaka, nakutaka, mtoni au nje ya mto!"

Aika hakumtumia kondakta. Alinyanyua mikono yote miwili juu, akaitikisa, na kichwa chake kikaitikia, kikaitikia tena, mpaka kanga ikaanguka.

"Amekubali!" kondakta alipiga kelele, ingawa hakuna aliyehitaji kuambiwa. Madereva walipiga honi. Hata askari alitabasamu, kisha akakumbuka kazi yake na kuwasogeza watu nyuma ya kamba.

Lemburis hakuthubutu kumtazama mzee. Mwavuli ulikuwa mmoja, walikuwa wamesimama bega kwa bega, na alisikia kifua cha mzee kikikoroma.

"Una sauti mbaya," mzee alisema hatimaye. "Sauti ya kuita ng'ombe."

"Ndiyo, mzee."

"Leo imenifaa. Kabla hajarudi huko, wazee wako waje tena. Safari hii hawataondoka na soda tu."

Lemburis akaweka viganja mdomoni tayari. "Nimwambie?"

"Hapana. Hilo ni langu. Akivuka nitamwambia mwenyewe, kwa hiki kisauti changu."

Mvua ilikatika juu ya mlima. Kufikia alasiri maji yalishuka, reli za daraja zikatokeza, kisha lami, imepakwa tope na majani. Askari alikagua nguzo pamoja na fundi mmoja wa barabara, wakakubaliana, akaachia watu wa miguu kwanza. Lemburis alikuwa wa kwanza kuingia. Walikutana kabla ya katikati, maana Aika alikuwa akikimbia na buti zake zikipiga kelele za maji, na boksi alikuwa amembebesha kondakta.

Walisimama ghafla, wakiwa wamebakiza hatua moja, kama watu waliosahau walichokuja kufanya.

"Umekonda," Aika alisema.

"Wewe umeungua jua."

"Sikukuandikia."

"Najua. Nilikuwa nakwenda posta kila Jumamosi."

"Nilikasirika sana, Lemburis. Nilikuwa napima maji huku nakutukana. Wale wavuvi walidhani nasali."

Alicheka, na kicheko kikavunjika katikati, na Lemburis akamkumbatia hapo hapo juu ya daraja, mbele ya abiria, madereva na kina mama wa sokoni. Aika alinukia moshi wa kuni na mvua. Alikuwa na joto. Alikuwa hai. Lemburis alifumba macho na kuusikiliza moyo wake Aika ukipiga kwenye mbavu zake, na kwa wakati huo hakutaka kitu kingine.

"Baba anatutazama," Aika alinong'ona.

"Ana miwani yenye maji. Haoni kitu."

"Naona!" mzee alisema nyuma yao, sauti ikikwaruza. Alikuwa amewafuata taratibu, akipima kila hatua kwa ncha ya mwavuli.

Aika alijitoa kifuani kwa Lemburis, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Mzee alimshika kichwa kwa mikono miwili, akampapasa mashavu, masikio, mabega, kama anayehakiki kuwa hakuna kilichopungua. "Nasikia Themi yangu inaishia kule kwako."

Aika alimtazama Lemburis kwa mshangao, kisha akamtazama tena baba yake. "Ndiyo, baba. Inaishia kule."

"Utanionyesha siku moja. Nimechelewa kuuliza, lakini utanionyesha." Akamvuta karibu, akamwambia jambo sikioni kwa ile sauti yake ndogo. Lemburis hakusikia hata neno. Aliona tu mkono wa Aika ukienda nyuma kumtafuta, ukampata, ukamkamata vidole na kuvibana sana.

Kondakta alifika na boksi. Mzee alimpa kilichobaki cha ndizi na shukrani nyingi, kondakta akasema ng'ambo nzima inasubiri mwaliko wa harusi. Mzee Ephraimu akafunga mwavuli, akageuka kuelekea kwenye pikapu, akatembea hatua chache kabla ya kuona kwamba hawamfuati.

"Nyie," akawaita, "mnangoja nini hapo? Twendeni nyumbani. Mama yenu hajala."

Aika alianza kutembea. Lemburis alibaki amesimama kidogo, kwa sababu ya lile neno. *Yenu.* Kisha akalibeba boksi na kuwafuata.